Kodi ya Mwaka Mzima Katikati ya Jiji la Arusha: Mambo ya Kumalizana Kabla Hujatoa Fedha

SWALI: Mimi na mume wangu tunahamia Arusha kutoka Moshi kwa sababu ya kazi, pamoja na mtoto wetu wa miaka mitatu. Dalali ametuonyesha apatimenti ya vyumba viwili vya kulala kwenye ghorofa ya tatu, jirani na Soko la Kilombero, mahali ambapo sote wawili tutaweza kwenda kazini kwa miguu. Kodi ni dola 250 kwa mwezi "au shilingi zake". Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima na amana ya mwezi mmoja, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Mita ya umeme tutachangia na saluni iliyoko chini. Dalali anasifu kwamba jengo lina kisima chake, hivyo maji hayakatiki. Mkataba ni wa ukurasa mmoja na umeandikwa kwamba kodi ikishalipwa hairudishwi kwa sababu yoyote ile. Tumeambiwa kuna mtu mwingine anakuja kesho na fedha mkononi. Je, tulipe?

JIBU: Dada yangu, usilipe kesho, na usilipe kwa masharti hayo. Sisemi kwamba nyumba yenyewe ni mbaya. Kuishi katikati ya jiji, mkaenda kazini kwa miguu na sokoni kwa dakika chache, ni nafuu ya kweli kwa familia yenye mtoto mdogo, na nauli na muda mnaouokoa kila siku vina thamani yake. Ninachokikataa ni utaratibu wa kutoa fedha kwanza na kuzungumza baadaye, kwa sababu nguvu ya mpangaji ya kujadiliana huisha siku ile ile anapokabidhi fedha.

Tazama kiasi chenyewe. Kodi ya miezi kumi na miwili, amana ya mwezi mmoja na malipo ya dalali ya mwezi mmoja ni sawa na kodi ya miezi kumi na minne, yaani dola 3,500, na zote zinatoka mfukoni mwenu kabla hamjalala humo hata usiku mmoja. Mtu anayelipa kodi ya mwaka kwa mkupuo amemkopesha mwenye nyumba, naye anarudishiwa deni lake kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, kwa kukaa ndani ya nyumba. Benki ikikopesha kiasi kama hicho huuliza mkopaji ni nani, mali ni ya nani, na mambo yakiharibika fedha itarudi kwa njia gani. Maswali hayo hayo mnayo haki ya kuyauliza, kwa adabu na bila kuona haya, na mwenye nyumba mwaminifu hawezi kukasirishwa nayo. Ushauri wangu wote unatokana na jambo hilo moja: nyinyi ndio wakopeshaji hapa, basi andikeni mkataba kama wakopeshaji.

Wapangaji wengi huniuliza kama sheria inaruhusu mwenye nyumba kudai mwaka mzima. Tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ambayo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiwango cha kodi na muda wa kulipa kabla vimebaki kuwa makubaliano ya pande mbili. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba anaweza kuomba mwaka, na nyinyi mnaweza kuomba miezi mitatu au sita. Hakuna anayevunja sheria kwa kuomba. Wenye nyumba wengi wa Arusha hudai mwaka kwa sababu wamejenga kwa mkopo au wanataka kumalizia ghorofa inayofuata, na sababu hiyo ni ya kueleweka. Lakini haja yake ya fedha ndiyo inayowapa nyinyi nafasi ya kuweka masharti. Mkiwa tayari kulipa miezi sita taslimu, kwa njia ya benki, wiki hii hii, hamko katika hali ya kuombaomba.

Jiji hili pia lina misimu yake. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena mwishoni mwa Desemba, watalii wanaokwenda mbugani hujaa, na baadhi ya wenye apatimenti za katikati ya mji huona afadhali kuzipangisha kwa siku au kwa wiki. Masika yakianza Machi hadi Mei, vyumba hivyo hivyo hubaki vitupu, na mtu aliyekuwa hapunguzi hata shilingi huanza kusikiliza. Kama ajira yenu inawaruhusu kufikia kwa ndugu au kwenye chumba cha muda kwa wiki chache, msiogope kusubiri.

Sasa tuje kwenye swali la kwanza la mkopeshaji, yaani nyumba hii ni ya nani. Katikati ya Arusha swali hili lina uzito kuliko pembezoni, kwa sababu ya historia ya majengo yenyewe. Mengi ya yale majengo ya zamani yenye maduka chini na makazi juu yalitwaliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lilikuwapo tangu 1962. Hivyo unaweza kukutana na mtu anayekaa kwa heshima zote katika fleti ya shirika, anayejiita mwenye nyumba, kumbe naye ni mpangaji anayewapangisha wengine bila idhini. Siku shirika likigundua, mkataba wenu na yeye hautawasaidia kubaki humo.

Aina ya pili ni nyumba za urithi. Baba alijenga, akafariki, na watoto watano wana mawazo matano. Mmoja wao anapangisha na kupokea kodi. Baada ya miezi minne anakuja mwingine na barua ya wakili, akisema ndugu yake hakuwa na mamlaka. Katika nyumba ya urithi, anayetakiwa kusaini mkataba ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua yake ya uteuzi ni karatasi ya kuiomba na kuisoma, si ya kuambiwa kwamba ipo. Aina ya tatu ni ghorofa mpya zilizojengwa kwa mkopo wa benki, ambako hati imewekwa rehani. Hilo si kosa, lakini mkopo ukishindikana benki inaweza kuuza jengo, na ni vyema mjue mapema kama mmeingia kwenye jengo la namna hiyo.

Njia ya kujua haina siri. Ombeni nakala ya hati miliki, au barua ya toleo (barua ya serikali ya kumgawia mtu kiwanja) kama hati haijatoka, pamoja na kitambulisho cha taifa cha anayesaini, kisha mfanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya mkoa ili kuona jina lililosajiliwa na kama kuna rehani au zuio lolote. Mkiona ni kazi nzito, mwachieni wakili. Ada yake kwa kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na kodi ya mwaka. Pia nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mkaulize. Mwenyekiti wa mtaa au mjumbe huwa anajua ni nani anayepokea kodi katika jengo gani na ni wapangaji wangapi waliowahi kuondoka humo kwa ugomvi. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye mkataba una manufaa kama ushahidi kwamba mlikubaliana mbele ya mtu, ila hauthibitishi umiliki, na watu wengi wamedanganyika hapo.

Kuhusu dola, jibu ni fupi. Tangu tarehe 28 Machi 2025, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutaja bei, kutangaza au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Mazoea ya kupangisha kwa dola yana mizizi Arusha, mji ambao kwa miaka mingi umekuwa na wapangaji wanaolipwa kwa fedha za nje: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa hapa hadi mwisho wa 2015, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake makuu hapa. Mazoea hayo hayahalalishi mkataba wenu. Kodi iandikwe kwa shilingi, kiasi kimoja kisichobadilika kwa muda wote wa mkataba, na maneno "au shilingi zake" yaondolewe kabisa, kwa sababu nyinyi mnalipwa mishahara kwa shilingi na hamna sababu ya kubeba hatari ya dola kupanda.

Jambo ambalo ningelikazania kuliko yote kama ningekuwa mahali penu ni mita ya umeme. Kuchangia LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, na jirani mwenye friji na taa kama zenu ni kero ya kawaida. Kuchangia na saluni ni kulipa gharama za biashara ya mtu mwingine. Fanya hesabu pamoja nami. Mashine moja ya kukaushia nywele yenye wati 1,500 ikitumika saa tatu kwa siku inakula uniti nne na nusu, kwa kuwa uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima. Kwa siku 26 za kazi ndani ya mwezi ni uniti 117, na hiyo ni mashine moja tu, bado pasi za nywele, birika la maji ya moto na feni. Mwenye saluni atasema mgawane nusu kwa nusu kwa sababu ndivyo alivyofanya na mpangaji aliyetangulia, nanyi mkiwa wageni mtaona aibu kukataa. Tokeni ikiisha saa mbili usiku, saluni imefungwa na yeye yuko nyumbani kwake, ni nyinyi mtakaonunua.

Sharti langu lingekuwa mita ya LUKU inayojitegemea, iliyoombwa TANESCO na mwenye nyumba kwa gharama zake, na iwe imefungwa kabla ya kodi kulipwa. Kama haiwezekani haraka, basi iwekwe submita, yaani mita ndogo ya kupima matumizi yenu peke yenu, kwenye apatimenti yenu, na mkataba useme kwamba kila mmoja analipia uniti zilizosomwa kwenye submita yake kwa bei ile ile iliyoonekana kwenye risiti ya tokeni. Siku ya kuingia, pigeni picha namba za mita kuu na za submita, zikiwa na tarehe.

Kuna kitu kingine kinachopita kwenye mita hiyo hiyo bila kelele. Kodi ya majengo sasa hukusanywa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mpangaji anaikatwa tu kwa sababu ndiye anayenunua umeme. Shilingi 7,500 kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 90,000. Andikeni kwenye mkataba kwamba makato yote ya kodi ya majengo yatarudishwa au kupunguzwa kwenye kodi ya kipindi kinachofuata, na mtunze ujumbe wa kila tokeni mnayonunua, kwa kuwa makato yanaonekana humo.

Kwa kuwa mnatoka Moshi, niongeze neno kuhusu baridi. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, juu kuliko Moshi, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi zake ni kali kwa mtu aliyezoea joto la kwenu. Maji ya moto ya kuoga yatakuwa ya lazima kwa mtoto. Hita ya bafuni yenye kilowati 5.5 ikiwashwa dakika kumi inatumia karibu uniti nzima, kwa hiyo watu watatu wanaooga kila asubuhi ni karibu uniti tatu kwa siku, na hapo ndipo mtakapoona kwa nini mita ya peke yenu si anasa. Mkiikagua nyumba, washeni hita hiyo muone kama inafanya kazi na kama nyaya zake hazipati moto.

Tukitoka kwenye umeme tunafika kwenye maji, na hapa sifa aliyoitoa dalali ndiyo iliyonitia wasiwasi. Moshi mmezoea maji ya chemchemi za Kilimanjaro. Maji ya ukanda wa Mlima Meru ni habari nyingine: miamba ya volkano ya mlima huo inaachia madini ya floraidi, na visima vingi vya Arusha na vitongoji vyake vina kiwango kinachozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Floraidi nyingi huharibu meno yanayojengeka bado ndani ya fizi, na mtoto wa miaka mitatu yuko katika umri huo huo. Yale meno yenye madoa ya kahawia mnayoyaona kwa watu wazima waliokulia maeneo haya yaliharibika utotoni, si kwa uchafu. Kiwango kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika.

Kwa hiyo kisima cha jengo si jambo la kufurahia mpaka mmeona majibu ya maabara. Mwombeni mwenye nyumba karatasi ya vipimo. Kama hana, chukueni sampuli mpeleke maabara ya ubora wa maji mjue. Msidanganywe kwamba mkichemsha mtakuwa salama. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki, na kwa kuwa maji yanapungua kwenye sufuria, kiwango chake kinazidi kuwa kikali. Vichujio vya kawaida vya mshumaa navyo haviiondoi. Kinachofanya kazi ni vichujio vya makaa ya mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto hapa hapa Arusha, au mitambo ya kuchuja kwa msukumo kama ile inayotumiwa na viwanda vya maji ya chupa. Familia nyingi huamua tu kutumia maji ya bomba au ya kisima kwa kufulia na kuogea, na kutafuta maji mengine ya kunywa na kupikia. Hiyo ni gharama ya kila mwezi, na lazima muiingize kwenye hesabu mnapolinganisha apatimenti hii na nyingine iliyounganishwa na mamlaka ya maji ya jiji, ambayo nayo mnapaswa kuuliza vipimo vya maji ya mtaa huo. Na mama mpishi wa makande ajue kwamba magadi ya kulainishia mahindi yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Kwa chakula cha mtoto ni bora kuloweka usiku kucha kuliko kutia magadi.

Ulizeni pia maji yanafikaje ghorofa ya tatu. Kama kuna pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu, umeme ukikatika kwa muda mrefu bomba litakauka hata kama kisima kimejaa. Fungueni bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, saa moja usiku, wakati wapangaji wote wamerudi. Mkiona bafuni maji yanachuruzika tu, hayo ndiyo maji mtakayoishi nayo.

Jirani na soko na stendi, kelele ni sehemu ya maisha, na mwenye kuzipenda shughuli za mji hatazilalamikia sana. Hata hivyo msiitazame nyumba mara moja, saa tano asubuhi siku ya kazi, ambayo ndiyo saa anayoipenda dalali. Rudini Jumamosi saa nne usiku mjue kama kuna baa inayopiga muziki upande wa dirisha la chumba cha mtoto. Rudini saa kumi na moja alfajiri, mabasi ya mikoani yanapoanza kupiga honi. Na kama mvua itanyesha, rudini siku hiyo hiyo muone maji ya barabarani yanakwenda wapi na kama kuta za apatimenti upande wa nje zina unyevu. Mkiwa na gari, ulizeni kama nafasi ya maegesho ndani ya fensi imo kwenye kodi, maana kuliacha barabarani katikati ya mji kutwa nzima kuna tozo.

Suala la moto na usalama wa mtoto wengi hulipuuza hadi limewafika. Ghorofa ya tatu yenye ngazi moja na nondo zisizofunguka kwenye kila dirisha haina njia ya kutokea moto ukianzia kwenye saluni ya chini. Takeni angalau dirisha moja liwe na nondo za kufunguka kutoka ndani, na kibaraza kiwe na uzio ambao mtoto wa miaka mitatu hawezi kuupanda wala kupenya. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114; ibandikeni nyuma ya mlango.

Sasa turudi kwenye karatasi ya ukurasa mmoja. Maneno "kodi ikishalipwa hairudishwi kwa sababu yoyote ile" hayawezi kubaki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamwekea mpangishaji wajibu hata kama mkataba haukuutaja: kumwacha mpangaji akae kwa amani bila kusumbuliwa na, anapopangisha sehemu tu ya jengo, kuweka katika hali nzuri paa, kuta za nje, mifereji mikuu na maeneo ya wote kama ngazi. Mwenye nyumba anayeandika kwamba hatarudisha hata senti kwa sababu yoyote anataka awe salama hata akishindwa kutimiza wajibu huo. Kama nyinyi ndio mmemkopesha, hilo hamliwezi. Pendekezeni maneno kama haya badala yake:

"Endapo nyumba haitakalika kwa sababu isiyotokana na mpangaji, au mpangaji ataondolewa na mtu mwenye haki kubwa kuliko ya mpangishaji, mpangishaji atarudisha kodi ya miezi yote isiyotumika pamoja na amana ndani ya siku 14. Endapo mpangaji ataondoka kwa hiari yake, atatoa notisi ya maandishi ya miezi miwili, na mpangishaji atarudisha kodi ya muda uliobaki baada ya kukata kodi ya mwezi mmoja."

Mwezi mmoja huo wa kukatwa ni wa haki, kwa kuwa naye ana hasara ya kutafuta mpangaji mwingine. Wenye nyumba wengi wakisomewa sentensi hizo kwa utulivu huzikubali, hasa ile ya pili, wakiona kwamba haki yao imelindwa pia. Amana nayo iandikwe inashikiliwa kwa ajili gani, itarudishwa lini, na kwamba uchakavu wa kawaida wa rangi au kitasa haukatwi humo. Andikeni ni nani anatengeneza pampu, ni nani analipa mlinzi, taka na usafi wa ngazi, na kwamba kodi haitapandishwa kabla ya muda kwisha wala bila notisi.

Mkataba huo ulipiwe ushuru wa stempu, ambao ni asilimia moja ya kodi ya mwaka. Watu huuona kama usumbufu, lakini mkataba usio na stempu hukataliwa kama ushahidi hadi ushuru ulipwe pamoja na adhabu, na siku ya ugomvi si siku nzuri ya kuanza kuushughulikia. Ugomvi ukitokea, msikubali kufungiwa mlango wala kutolewa vyombo nje kwa nguvu. Mnaanza Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kuamua. Suluhu ikishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuhusu dalali, kazi yake ni halali na mji huu usingepangika bila madalali. Lakini mlipeni baada ya mkataba kusainiwa na ufunguo kuwa mkononi mwenu, si kabla, na kodi isipite kwenye simu yake hata kwa dakika moja. Fedha iende benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile mliloliona kwenye upekuzi. Ikiwa jina halifanani, simameni hapo hapo mpaka mpate maelezo ya maandishi. Huyo mtu mwingine wa kesho huenda yupo kweli. Kama yupo na atalipa mwaka mzima bila kuuliza chochote, mwacheni alipe. Apatimenti za vyumba viwili katika kata za Kaloleni, Levolosi na Ngarenaro hazijaisha, na dalali huyo huyo atawapigia tena.

Mwambieni mwenye nyumba hivi: tunaipenda nyumba, tuko tayari kulipa miezi sita kwa shilingi kupitia benki, mara tu upekuzi utakaporudi safi, mita yetu ikifungwa, majibu ya maji yakionekana na kifungu cha kurudisha fedha kikiingizwa. Mkiwa mmekwama kwa sababu ya tarehe za kuanza kazi, sharti la miezi sita mnaweza kulilegeza hadi mwaka, kwa punguzo la kodi lililoandikwa. Masharti mengine manne msiyalegeze. Akikataa upekuzi, ondokeni bila kujadiliana zaidi. Akikataa mita, mwulizeni kama yuko tayari kulipia umeme wa saluni mwenyewe, na jibu lake mlipime. Akikubali yote, siku ya makabidhiano piteni chumba kwa chumba mkiwa naye, muandike kila kitasa, kioo, bomba na soketi katika hali yake, na nyote mtie saini kwenye kila ukurasa kabla hamjaanza kupandisha vyombo.